Moto wa Kiangazi: Katazo la Kijiji Linatulindaje?



Kila mwaka mvua zinapokatika na majani kuanza kugeuka rangi, tangazo hutolewa vijijini mwetu: "Ni marufuku kuwasha moto ovyo." Mwenyekiti hulisema katika mkutano wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji hulipeleka nyumba kwa nyumba. Huku Kilangala, na katika vijiji vya pwani yote ya Lindi na Kilwa, watu hulisikia na kuitikia kwa vichwa. Kisha wakiwa njiani kurudi nyumbani huulizana: "Sasa shamba nitalisafishaje? Kwa jembe na panga peke yake?"

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili kujibiwa. Wengine watauliza pia kwa nini ukurasa wa afya uzungumzie moto wa porini. Sababu ni kwamba mwisho wa moto huo mara nyingi ni kitanda cha hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na walio wengi ni wa nchi maskini kama zetu. Wengine wengi zaidi hupona wakibaki na vidole vilivyoshikana, shingo iliyovutwa au uso wenye makovu. Kwa hiyo mwezi huu tutazame katazo hili lina maana gani, lifuatwe namna gani, na tufanye nini mtu akiungua.

KWA NINI KIANGAZI?

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto la kuuanzisha. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Kiangazi kinatuletea vyote vitatu kwa wingi.

Mvua zetu hukatika mwezi wa Mei. Majani yaliyoota tangu Desemba yamekwisha kuwa marefu kuliko mtu, na kuanzia Juni yanakauka taratibu. Ifikapo Septemba na Oktoba hayana maji hata kidogo. Upepo nao haupungui: pepo za kusi huvuma, na mchana hujiunga na upepo unaotoka baharini. Moto unaowashwa saa nane mchana katika hali hiyo haumngoji mtu. Unakimbia, na ukifika kwenye mteremko unapanda haraka zaidi, kwa kuwa joto lake hukausha majani ya juu kabla ya ndimi kufika.

Tena kuna cheche. Jani kavu linaloungua huchukuliwa na upepo na kuangukia mbali, likaruka njia, likaruka shamba lililolimwa, likatua juu ya paa la makuti. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa kweli, "Moto wangu niliuzima," na nyumba ya jirani ikawa imeungua kwa moto huo huo.

TUSIWALAUMU TU WANAOWASHA

Ni rahisi kusema kwamba wanaochoma ni wajinga. Sivyo. Mkulima anachoma ili asafishe shamba jipya la ufuta au mahindi kabla ya mvua za Novemba na Desemba, naye hana trekta. Mrina asali anahitaji moshi wa kufukuza nyuki. Mchoma mkaa ana tanuri lake. Vijana huchoma nyasi ili wapate ndezi na panya buku. Anayelinda mazao usiku juu ya dungu anawasha moto apate joto na kufukuza nguruwe.

Wengine huchoma kwa hofu, na hofu hiyo ina msingi. Majani marefu huficha nyoka. Huficha pia simba: kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Huwezi kumwambia mama ambaye watoto wake hupita katika majani hayo wakienda shule kwamba asiyaguse.

Basi tuelewane. Katazo la moto halisemi moto usiwepo kabisa. Maana yake ni kwamba moto una saa yake, mahali pake na kipimo chake, kama dawa. Kidonge kinachoponya kwa kipimo huua kikimezwa ovyo.

HASARA YA MOTO ULIOTOROKA

Mikorosho yetu hutoa maua wakati wa kipupwe, na korosho huanguka kuanzia Oktoba. Huo ndio wakati moto unapozurura. Mkorosho ulioungua wakati wa maua hautoi kitu mwaka huo, na ukiungua sana hufa. Kuupata mwingine wa kuzaa vizuri ni kazi ya miaka. Ada za shule za watoto zinaishia hapo.

Kwa upande wa afya, wanaoumia kwanza ni wale wasioweza kukimbia: wazee waliobaki nyumbani, watoto wadogo waliolazwa kivulini pembeni ya shamba, walemavu na wagonjwa. Wengine huungua wakijaribu kuzima moto peke yao wamevaa nguo za nailoni, ambazo huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Moshi nao ni adui. Una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu hubanwa, mtoto mchanga hukohoa usiku kucha, na mwenye ugonjwa wa moyo huzidiwa. Akina mama, ambao tayari wanavuta moshi wa kuni jikoni, huongezewa mzigo mwingine.

MWENZAKO AKINYOLEWA...

Mwezi wa Septemba 2009, katika mji wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, moto ulipita juu ya mapaa ya makuti ya nyumba zilizosongamana. Mamia ya nyumba yaliteketea na watu zaidi ya elfu mbili wakakosa makazi. Faza ni pwani kama kwetu, yenye makuti kama yetu na upepo kama wetu. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la mimea ya Mlima Kilimanjaro. Taarifa za mwanzo za Shirika la Hifadhi za Taifa zilieleza kwamba ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha watalii. Ulikuwa moto mdogo wa jikoni, siku ya ukavu na upepo.

Hata nchi tajiri zinajua jambo hili. Nchini Australia serikali za majimbo hutangaza siku za marufuku kamili ya moto, ambapo hata kuchoma nyama nje kwa kuni ni kosa. Hata hivyo tarehe 7 Februari 2009, siku iliyokuwa na marufuku hiyo, watu 173 walikufa kwa moto katika jimbo la Victoria. Tangazo peke yake halizimi moto. Linahitaji watu waliojiandaa.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto. Kwa kifupi, anayetaka kuchoma vichaka na majani anatakiwa kufuata taratibu za kibali, na ni wajibu wake kuhakikisha moto hauvuki mipaka yake. Aidha, tangu mwaka 1982 sheria ya serikali za mitaa inazipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupelekwa kwenye halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kwa hiyo kijiji chenyewe kinaweza kupanga miezi, saa na faini.

Hapa pana jambo ambalo viongozi wetu wanapaswa kulitafakari. Katazo likiwa la ukali tu, bila nafasi ya kuomba kibali, watu hawaachi kuchoma. Huchoma kwa siri. Na moto wa siri ni mbaya kuliko wote. Aliyeuwasha hukimbia asionekane, kwa hiyo hakuna anayeulinda. Majirani hawakuarifiwa, kwa hiyo hawakujiandaa. Ukitoroka, hakuna anayethubutu kupiga kelele ya kwanza, maana atakayepiga kelele ataulizwa amejuaje. Kinyume chake, aliyepewa kibali bila kuzungushwa hukaa na moto wake hadi mwisho. Kibali kitolewe upesi, na anayehitaji asione haya kukiomba.

CHOMA MAPEMA

Njia mojawapo iliyosaidia ni uchomaji wa mapema. Katika wilaya ya Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu kwa msitu wao wenye mipingo. Miaka iliyofuata, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vyenye misitu ya jamii vilifundishwa kuchoma nyasi mapema, mara tu baada ya mvua, zikiwa bado na ubichi kidogo. Moto wa wakati huo ni wa chini na wa polepole, nao hufa wenyewe usiku umande unaposhuka. Huacha mabaka yaliyokwisha kuungua, na moto mkali wa Septemba ukifika hapo hukosa chakula.

Kwa shamba lako, fuata mambo haya:

1. Omba kibali na uwaarifu majirani wote siku moja au mbili kabla. Mwenye mikorosho jirani awepo mwenyewe.

2. Lima mkanda mtupu kuzunguka shamba lote, wenye upana wa hatua tano au zaidi, usiobaki na jani. Majani yakiwa marefu, uongeze upana. Watu wa misitu huuita barabara ya moto.

3. Kusanya majani na matawi katikati, mbali na mkanda huo na mbali na miti.

4. Choma asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, au jioni upepo ukiwa umetulia. Kamwe usichome mchana. Siku ya upepo ahirisha, hata kama kibali unacho.

5. Anza kuwasha upande ule ambako upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Ukiwasha upande unakotoka upepo, utausukuma ukimbie.

6. Wawepo watu wazima wasiopungua watano, wenye matawi mabichi, majembe, mchanga na maji. Watoto wasiwepo.

7. Usiondoke hadi majivu yapoe. Visiki huhifadhi moto ndani kwa siku kadhaa. Vifukie kwa udongo na urudi kesho yake kuvitazama.

Moto ukikuzidi, piga kelele upesi. Mkiwa katikati yake, msikimbie kupanda mlima wala msishindane nao mbele ya upepo. Tafuteni mahali palipokwisha kuungua, barabara au shamba tupu, mlale chini na kufunika pua kwa kitambaa chenye maji. Mijini, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Vijijini, msaada wa kwanza ni jirani.

KATAZO LIANZIE NYUMBANI

Tusilitazame pori tu tukasahau uani kwetu. Watoto wengi hawaungui porini, huungua jikoni.

Jiko la mafiga lizungushiwe ukuta mdogo au liinuliwe, mtoto asiweze kutambaa hadi kwenye sufuria. Majivu yenye makaa yafukiwe au yamwagiwe maji kabla ya kutupwa. Jivu la asubuhi lililotupwa nyuma ya nyumba huamka saa saba mchana upepo ukija. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usimwage maji, funika.

Petroli ya bodaboda isiwekwe ndani kwenye chupa. Mvuke wake husafiri hadi kwenye moto ulio mbali. Tukumbuke Morogoro, Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kukimbilia mafuta ya lori lililopinduka. Salfa ya mikorosho nayo isilale karibu na jiko, kwa kuwa huungua na kutoa moshi mkali unaobana kifua.

Koroboi na mishumaa isiachwe ikiwaka mtu anapolala, wala isisogezwe karibu na chandarua. Mwezi wa Agosti 2009 wanafunzi 12 wa kike wa Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, walikufa bwenini kwa moto ulioelezwa kwamba ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Taa ya jua ndogo ni zawadi nzuri kwa mtoto anayekwenda bwenini.

Nasi waamini tujikumbushe. Tarehe 2 Novemba tunawasha mishumaa makaburini kuwaombea marehemu wetu, na huo ndio wakati majani yamekauka kupita kiasi. Jumuiya zisafishe makaburi wiki moja kabla, mishumaa isimikwe ndani ya kopo lenye mchanga, na mtu wa mwisho kuondoka aizime yote. Sala haipungui kwa sababu mshumaa umezimwa.

Neno kuhusu kifafa. Watu wengi wenye ugonjwa huu huungua vibaya kwa sababu wanaangukia motoni, na walio karibu wanaogopa kuwagusa. Ndugu zangu, povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi. Mtoe motoni mara moja, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni. Asipike peke yake, asilale karibu na moto, na anywe dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa.

MTU AKIUNGUA

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kugaagaa, au afunikwe kwa blanketi zito. Kisha:

– Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na inasaidia hata kama zimepita saa mbili au tatu. Mtoto mdogo afunikwe sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi.

– Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue.

– Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga, matope wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi hushika joto ndani na kuleta vijidudu. Malengelenge usiyapasue.

– Funika kwa kanga safi iliyopigwa pasi. Kama ana fahamu, mpe maji kidogo kidogo.

Mpeleke hospitali bila kukawia ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni kama sehemu moja ya mia ya mwili; ikiwa ameungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au maungio; ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na hasikii maumivu; ikiwa ni mtoto mchanga, mzee au mama mjamzito. Mwenye masizi puani na sauti iliyokauka amevuta moshi, naye ni wa hatari hata kama ngozi yake ni nzima. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Na jeraha likipona, msiache kurudi kliniki: viungo vikinyooshwa mapema havishikani.

MAMBO YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kitongoji chetu, nani hawezi kukimbia moto ukija? Nani amepewa jukumu la kumtoa?

2. Je, kibali cha kuchoma kwetu kinapatikana kwa urahisi, au watu wanachoma kwa siri? Tuwaambie nini viongozi wetu?

3. Siku gani kabla ya mwezi wa Julai tutalima pamoja barabara ya moto kuzunguka makazi, shule na kanisa?

Swali la tatu lisiachwe bila tarehe. Tahadhari ni kabla ya hatari.